Nilisema wiki mbili: nilivyohamisha keneli yangu kutoka Intel kwenda ARM

Niliwaambia washkaji wiki mbili. Na niliwaambia kwa kujiamini kabisa, tumekaa kibandani pale Nkuhungu, hapa Dodoma, tunakula chipsi mayai, nikapiga hesabu kwa mdomo: mistari kama elfu tisa, kati ya hiyo ya asembli, ile lugha ya amri za prosesa yenyewe, ni mia sita tu, iliyobaki yote ni lugha ya C, na C si inakompailiwa popote, yaani kompaila inaigeuza kuwa amri za prosesa unayotaka, kwa hiyo mi naandika upya hiyo mia sita, nabadilisha kompaila, naweka kwenye memori kadi, kazi imeisha. Ilichukua miezi saba. Zabibu zilivunwa, zikaja zikavunwa tena, mi bado nipo kwenye meza ile ile natazama kioo cheusi.

Kitu chenyewe ni mfumo endeshi mdogo, yaani programu mama inayoendesha mashine (moyo wake ndo keneli), nilioanza kuuandika nikiwa chuo, nikaupa jina Kibuyu. Sio kitu cha kushindana na mtu, ni cha kujifunzia: kinawaka, kinakupa alama ya kuandika amri, unaendesha programu ndogondogo nne tano, kinazigawia muda wa prosesa, basi. Kilikuwa kinaishi kwenye laptopu ya zamani ya Intel ambayo betri yake ilishakufa siku nyingi, umeme ukikatika na yenyewe imekatika hapo hapo. Afu kuna jamaa wa Area C nilimfungia mtandao ofisini kwake, nikawa namdai elfu themanini, miezi inapita, siku moja akaniambia kaka hela kwa kweli sina ila nina hii, akanitolea Raspberry Pi 3 kwenye kimfuko cha nailoni. Nikachukua, ningefanyaje. Kadude ka ukubwa wa kadi ya benki, ramu GB 1, prosesa ya ARM yenye viini vinne vya Cortex-A53, na inawaka kwa powerbank ya simu. Nikajisemea Kibuyu kimepata nyumba.

Sasa hesabu yangu iliharibika wapi. Kwamba prosesa ya Intel na ya ARM hazielewi maelekezo yale yale, hilo nilikuwa nalijua, programu iliyokompailiwa kwa moja ukiipelekea nyingine ni sawa na kunisemesha mimi Kigogo siku ya kwanza nafika huku, nilikuwa natabasamu tu. Hiyo mia sita ya asembli niliihesabu kwa sababu ilikuwa inaonekana. Lakini mi kwetu Tanga. Nilipohamia Dodoma nilibeba godoro, jiko, ndoo, pasi, kila nilichoona ni changu. Nazi sikubeba, kwa sababu kwetu nazi sio kitu cha kubeba, ipo tu, unatoka nje unanunua. Wiki ya kwanza nikachemsha maharage, nikaenda genge la jirani kuulizia nazi, mama mwenye genge akanicheka mpaka akakaa, akasema baba hapa tunaunga karanga, nazi nenda Majengo na ujiandae na bei. Yaani Kibuyu nacho kilikuwa na nazi zake, na hazikuwa zimeandikwa kwenye mstari wowote kati ya ile elfu tisa.

Nazi ya kwanza ilikuwa kule kuwaka kwenyewe. Kwenye PC za zamani, tangu zile za IBM za 1981, BIOS, kaprogramu ka kwenye bodi kanakoiamsha mashine, inasoma baiti 512 za mwanzo wa diski, inazitua kwenye anwani ya memori 0x7C00, inarukia hapo. Ukitaka herufi kwenye kioo unaiandika kwenye memori kuanzia 0xB8000, inatokea. Siriali, ule mlango wa kuongea na mashine nyingine kwa waya, ipo 0x3F8. Nilishagusa PC nyingi, zote ziko hivyo, mpaka nikaona ndo maumbile. Kwenye Raspberry Pi anayeamka kwanza sio hata ARM, ni GPU, prosesa ya picha. Yenyewe inachukua bootcode.bin na start.elf kwenye memori kadi, inasoma config.txt, ndo inabeba faili lako la kernel8.img inalitua 0x80000, halafu ndo inamwamsha ARM. Hakuna BIOS wa kumuuliza ramu iko kiasi gani. Hakuna 0xB8000, ukitaka kioo unamwandikia GPU ombi kwenye memori, unaacha anwani yake kwenye kisanduku, unasubiri ajibu. Na zile amri za Intel za kuongea na vifaa kwa namba za bandari hazipo kabisa, kila kifaa kipo ndani ya memori, na anwani zenyewe ni za chipu hiyo hiyo tu: Pi 3 vifaa vinaanzia 0x3F000000, Pi ya kwanza kabisa vilianzia 0x20000000. Ndugu wa tumbo moja na bado hawafanani.

Kwa hiyo sina kioo. Nahitaji waya wa kutoka USB kwenda siriali, tena wa volti 3.3, maana wa volti 5 unaweza ukaichoma bodi. Nikazunguka maduka ya simu mjini siku nzima na lile vumbi la Agosti, kila duka naeleza vizuri, naletewa waya wa chaja. Mwishowe nikampata muuzaji wa Kariakoo kwa simu, akaniwekea kwenye basi, siku ya tatu nikaupokea stendi. Ground pini ya 6, kutuma pini ya 8, kupokea pini ya 10, nikachomeka nikawasha, zikaja herufi za ajabu kama mtu anaongea na maji mdomoni. Kumbe kwenye Pi 3 ile siriali nzuri wameipa Bluetooth, zile pini zimebakiwa na siriali ndogo ambayo spidi yake inafuata saa ya GPU, na ile saa inapanda na kushuka. Dawa ni kuandika enable_uart=1 kwenye config.txt. Mstari mmoja, siku nne.

Herufi ya kwanza iliyosomeka ilikuwa M. Ya Mbukwa, salamu ya Kigogo. Nilikuwa nimeibadilisha kutoka Mambo kwa heshima ya wenyeji. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Furaha yenyewe ilidumu kama dakika mbili. Baada ya Mbukwa ikaja alama ya amri, na baada ya hapo, mi sijagusa chochote, kioo cha laptopu kikajaa alama ya kuuliza iliyo ndani ya kialmasi cheusi, maelfu, zinashuka kama mvua. Nikasema waya feki. Nikampigia yule muuzaji.

"Kaka, ule waya wako mbovu, unaleta uchafu."

"Bosi wangu, mzigo ule nimeuza mwingi, hajarudi hata mmoja. Umechomeka sawasawa?"

Nikamjibu vibaya kidogo, sitaandika nilichosema. Siku mbili natikisa waya, nafunga na soleteipu, nabadilisha pini, na kosa limekaa kwenye programu yangu tangu mwaka wa pili chuoni, hili hapa:

char c = soma_herufi();
if (c == -1) return;

Ile soma_herufi inarudisha -1 kama hakuna kilichobonyezwa. Kwenye Intel kompaila yangu inaichukulia char kuwa ni namba yenye alama, kutoka -128 mpaka 127, kwa hiyo -1 inabaki -1 na mambo yanaenda. Kwenye ARM, char isiyotajwa aina ni namba isiyo na alama, 0 mpaka 255, kwa hiyo -1 ikiingia humo inageuka 255, na 255 hata iweje haitalingana na -1. Kibuyu kikawa kinaamini kuna mtu anabonyeza kitufe namba 255 bila kupumzika. Na lugha ya C haijavunja sheria yoyote, imeandikwa wazi kwamba hilo ni hiari ya mwenye kompaila. Kinachouma zaidi ni kwamba nilipowasha maonyo yote ya kompaila ikaninyooshea kidole mstari ule ule, ikaniambia ulinganisho huu siku zote ni uongo. Onyo lilikuwa linapatikana muda wote, mi nilikuwa nimeyazima maonyo yasinijazie kioo.

Nikampigia tena. Bosi wangu samahani, tatizo lilikuwa la kwangu. Akacheka, akasema hamna shida, karibu tena, na taa za USB zimeingia.

Kuna mambo mengine ya mwezi wa pili nitayapita haraka. Kuna mahali nilikuwa nasoma namba ya baiti nne kutoka kwenye anwani isiyogawanyika kwa nne, kwa sababu kichwa cha faili zangu kina baiti 13 na namba imefuatia hapo hapo. Intel hasemi kitu. ARM, kama MMU (sehemu ya prosesa inayotafsiri anwani za memori) hujaiwasha bado, anagoma. Lakini sikujua kwamba amegoma, na hii ndo iliyonimaliza: kwenye Intel ukiharibu vibaya hivyo na huna pa kupokelea kosa, mashine inajiwasha upya, unaona kabisa kuna msiba. Kwenye bodi ile kosa likitokea na jedwali la kupokelea makosa hujalitengeneza, prosesa inarukia kusikojulikana, inakosea tena huko, inarukia tena, na wewe unaona kimya. Taa inawaka, waya mzima, kimya. Nilipaswa kuliandika lile jedwali siku ya kwanza kabla ya kitu kingine chochote, nikaliandika wiki ya sita, na nikalipanga vibaya maana lazima lianzie anwani inayogawanyika kwa 2048, langu lilianzia popote, kwa hiyo hata makosa yalikuwa yanapokelewa nyumba ya jirani.

Afu MMU. Hapa ndo nilitaka kuirudisha ile bodi kwa jamaa nidai elfu themanini zangu.

Kuiwasha ni kuandika biti moja kwenye rejista, kijisanduku cha ndani ya prosesa. Kabla ya amri ile anwani ni anwani, baada yake kila anwani inapita kwanza kwenye majedwali yako ya kurasa (kurasa ni vipande vya memori), na kama umekosea hata kidogo, amri inayofuata haipatikani na hakuna wa kukwambia. Nilijaribu usiku kumi na moja. Majedwali nimeyahakiki kwa kalamu, kurasa za baiti 4096, ngazi zote, anwani zote sawa. Kimya. Tatizo lilikuwa biti ya 10. Kwenye kila ingizo la jedwali kuna biti inayosema ukurasa huu umeshawahi kuguswa. Intel anayo pia, ila anaiwasha mwenyewe ukishaugusa, kwa hiyo maisha yangu yote sikuwahi kuijali. Cortex-A53 haiwashi. Akikuta sifuri anakurudisha. Mnajua yale mageti ya ofisi, kuna mlinzi mmoja anakuona una haraka, anakuuliza jina anakujazia daftari la wageni mwenyewe, unapita. Na kuna mwingine: hujasaini, rudi. Ndo ningesaini, ila yeye hakuniambia kama kuna daftari.

Nilipojaza ile biti kwenye kurasa zote, ikapita. Ikapita ikanyamaza tena, kwa sababu eneo la vifaa nilikuwa nimeliandikisha kama memori ya kawaida ya kukaa kwenye kashe, ile memori ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, herufi zangu zikawa zinaishia kwenye kashe hazifiki kwenye siriali. Kwenye PC suala hilo BIOS ilikuwa inanipangia kimya kimya na mi nilikuwa sijui kama kuna mtu anapanga.

Kipindi hiki ndo nilimtafuta dada mmoja tuliyesoma chuo kimoja, alinitangulia madarasa mawili, sasa hivi yuko Singida na shughuli zake ni hizi bodi ndogondogo. Nikamlalamikia dakika ishirini. Akaniambia mdogo wangu, unajua Unix, ule mfumo endeshi wa zamani, waliiandika upya kwa C mwaka 1973, na mpaka inakuja kuhamia mashine ambayo sio PDP, zile kompyuta ilikozaliwa, ilikuwa 1977, Richard Miller kule Wollongong, Australia, akiihamishia kwenye Interdata 7/32, huku wa Bell Labs wenyewe, walioianzisha, wakihangaika na 8/32. Kuna kisa maarufu cha mashine iliyotakiwa kuandika UNIX ikaandika NUXI, kwa sababu mpangilio wa baiti ulikuwa kinyume. Na Linus Torvalds 1991 alisema mwenyewe kwamba Linux haihamishiki, imefungamana na prosesa ya Intel ya 386. Toleo la 1.2 linalowaka pia kwenye prosesa za Alpha, SPARC na MIPS likaja Machi 1995. "Wewe umejipa muda gani?"

Sikumjibu.

Ila alinipa jambo moja la maana, akasema acha kuandika kama unavyoandika, kila kinachohusu prosesa kitoe kiweke chumba chake, kama Linux wanavyofanya na folda yao ya arch, afu kila siku jioni hakikisha ya Intel bado inawaka. Nilidhani ananiongezea kazi. Wiki mbili zikaenda kwenye kupanga tu vyumba, sijaongeza hata kitu kimoja kipya, na ule mchezo wa kupanga ndo ulionionyesha kwamba asembli yangu haikuwa mia sita, kulikuwa na tabia za Intel zimetapakaa mle kwenye C mahali zaidi ya arobaini.

Sasa kuna hii. Kibuyu kikawa kinawaka, MMU ipo, programu zinaenda. Kwenye QEMU, ile emuleta ninayoitumia kwenye laptopu, kila kitu safi. Kwenye bodi nikaendesha programu ya hesabu, ikatoa majibu. Nikaendesha programu ya saa, ikatoa majibu ya hesabu. Nikaita saa tena. Hesabu. Nikafuta memori kadi nikaandika upya, nikadhani nimekosea faili, nikaita saa, safari hii ikaanza kama saa katikati ikageuka hesabu ikafa.

Nikampigia dada. "Kwenye QEMU inaenda vizuri kabisa, naapa."

"QEMU haina kashe, mdogo wangu."

Ndo akanieleza. Programu zote mbili nazipakia kwenye anwani ile ile. Prosesa ina kashe mbili, ya maelekezo na ya data. Mi nikipakia programu mpya naandika kupitia kashe ya data, lakini prosesa inapokuja kuiendesha inasoma kupitia kashe ya maelekezo, na humo bado imelala ya zamani. Intel inazisawazisha hizo mbili yenyewe, mwandishi hata hajui. ARM inasema hiyo ni kazi yako: sukuma kashe ya data, futa ya maelekezo, subiri imalizike, ndo uruke. Mistari sita ya asembli. Na QEMU haiigizi kashe, kwa hiyo hata ningeijaribu mwaka mzima kwenye laptopu isingenionyesha. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema mbona kwenye emuleta inafanya kazi huwa namwangalia kwa huruma, japo mi mwenyewe nilishasema hivyo mara mia.

Mwisho ndo vile viini vinne. Nilikuwa natumia kimoja, nikataka angalau viwili. Mpango rahisi: kiini cha 0 kinaandika ujumbe kwenye memori, kikimaliza kinainua bendera. Kiini cha 1 kinasubiri bendera, ikipanda kinasoma ujumbe. Mpango huu kwenye Intel ulikuwa unaenda miaka. Kwenye bodi pia ukaenda, dakika kumi, nusu saa, afu programu moja inakufa bila sababu. Nikaandika jaribio, jumbe zenye namba zinazofuatana na kiini cha 1 kinahakiki, nikaiacha usiku kucha kwenye powerbank. Asubuhi nimekuta mamilioni ya jumbe zimepita sawa na 31 zimekosewa, bendera imepanda ila ujumbe ni wa zamani.

Thelathini na moja kwenye mamilioni. Hapo ndo utajua kichaa kinaanzaje. Kosa lingekuwa kila mara ningelishika, la mara moja kwa muda ule huwezi hata kuliwekea mstari wa kuchapisha, maana ukiongeza mstari wa kuchapisha linapotea.

"Umeweka barria?" dada akauliza.

"Barria gani?"

Akanyamaza kidogo, afu akacheka, sio kwa ubaya. Iko hivi. Unamtuma dogo kwenye lori: shusha makreti ya zabibu, ukimaliza piga honi. Intel anashusha, anapiga honi. ARM anaona honi ipo karibu na mkono, anaanza nayo, makreti atayashusha tu, na kwa hesabu zake yuko sahihi maana mwisho wa kazi vyote vimefanyika na yeye mwenyewe hajachanganyikiwa. Anayechanganyikiwa ni aliyeko dukani aliyesikia honi akatoka kukagua makreti. Prosesa ya ARM inaruhusiwa kuzichelewesha na kuzipangua namna hiyo uandishi na usomaji wa memori zinavyoonekana kwa viini vingine, ndo sehemu ya wepesi wake, ukitaka mpangilio lazima uombe, na kuomba kwenyewe ni maneno mawili, dmb ish, kati ya ujumbe na bendera.

Nikaweka. Nikaacha usiku kucha. Asubuhi makosa manne.

Manne! Hiyo asubuhi sikwenda hata kunywa chai. Kumbe niliweka upande wa anayeandika tu, na anayesoma naye ana ujanja wake, anaweza kuwa alishachungulia makreti kabla hajasikia honi, afu honi ikilia anasema ah nilishaona. Barria inatakiwa pande zote mbili. Nikaweka ya pili. Usiku, sifuri. Usiku wa pili, sifuri. Usiku wa tatu umeme ulikatika Nkuhungu nzima, laptopu ikazima, nikatoka nje na tochi ya simu, nikarudi nikakuta kataa ka bodi kanawakawaka gizani, jaribio linaendelea.

Kati ya hapo nilipita kipindi cha kuweka barria kila mahali kama mtu anayepulizia dawa ya mende, ikafanya kazi ila Kibuyu kikawa kizito, na baya zaidi nikawa sijui ni ipi imeponya. Nikazitoa zote nikaanza kuzirudisha moja moja, kila moja na maelezo mstari wa juu yake: hii inazuia nini kisipite nini. Nisipoweza kuandika hayo maelezo siiweki. Ilichosha, lakini ndo ilinirudisha kwenye Intel kwa namna ambayo sikutegemea.

Ile laptopu, Kibuyu kilikuwa na ugonjwa wa kuganda, labda mara moja kwa mwezi, tangu zamani. Nilikuwa nawaambia watu ni joto la Dodoma. Sasa naandika maelezo ya kufuli, ile ya kuzuia viini viwili visiingie mahali pamoja kwa wakati mmoja, kufuli ya Peterson niliyoinakili kwenye daftari la chuo, kila kiini kinainua mkono wake kwanza halafu kinaangalia mkono wa mwenzake, nikajiuliza barria gani hapa, nikaenda kusoma Intel naye anaahidi nini hasa. Intel ni mpole, lakini kuna kitu kimoja anaruhusu: kuandika mahali pamoja kisha kusoma mahali pengine, ule usomaji unaweza kutangulia. Yaani kiini kinaangalia mkono wa mwenzake kabla wa kwake haujaonekana, na mwenzake hivyo hivyo, wote wanaona njia nyeupe, wote wanaingia. Kufuli yangu ilikuwa mbovu hata nyumbani kwake. Miaka yote. Nikaweka mfence, barria ya Intel, kwenye upande wake, na huu ni mwezi wa tano haijaganda, na joto lipo vile vile.

Juzi nikampigia picha dada wa Singida: bodi, powerbank, waya wa Kariakoo, na kwenye kioo cha laptopu Mbukwa na viini vinne vyote vinahesabu. Akajibu hongera sana mdogo wangu, afu akauliza, kibodi je, unaandikia nini amri?

Naandikia kupitia laptopu, kwenye siriali. Kibodi bado. Kwenye PC ya zamani kibodi ya PS/2 unaisoma bandari ya 0x60 basi, kwenye Pi 3 kibodi ni ya USB, na USB zote nne pamoja na tundu la mtandao zimekaa nyuma ya chipu moja, kuifikia lazima uandike draiva nzima ya USB, kwanza kidhibiti chake, afu habu, afu ndo kibodi yenyewe. Nimeanza kuangalia, haionekani ngumu sana.

Akauliza itachukua muda gani. Nikamwambia wiki mbili.